Kisanduku Kilichohama na Bibi

Kiberiti cha tatu kilikutwa juu ya nguzo ya geti, upande wa ndani, pale ambapo mkono wa mtu mrefu hufika bila kupanda kitu. Kilikuwa kitupu, kama viwili vya kwanza. Hakikuwa na njiti wala maandishi, na hakikuhitaji maandishi. Watu waliteketea ndani ya kiwanda cha sare kwa sababu mlango ulifungwa kwa nje, na mshonaji mmoja, aliyekuwa ametoka kuchukua uzi stoo, alimwona Bosi mwenyewe akibana kufuli. Mshonaji huyo alikuwa amelala ndani ya nyumba hii, akisubiri kupelekwa mahakamani kesho yake asubuhi kumtaja. Aliyeweka kiberiti alijua kuwa ujumbe utafika.

"Nani amekigusa?" Mama Waya aliuliza.

"Mimi, Afande, lakini kwa kitambaa," alijibu Koplo, mlinzi wa nyumba, kijana nadhifu ambaye hata akiwa na nguo za kiraia alionekana kama amevaa sare.

"Kwa kitambaa cha nini?"

"Cha jikoni."

"Basi alama za vidole zimekwisha kaangwa. Tuingie."

Mama Waya alikuwa inspekta, ila kitengo kizima kilikwisha kusahau cheo chake. Kazi yake ilikuwa mitandao ya hewani, isiyo na waya hata mmoja, na waliombandika jina hilo walijiona wachekeshaji sana. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mkoba uliojaa vikorokoro, asiyependa kukaribishwa kiti kabla hajajua ameitiwa nini. Kabla ya kuingia aligeuka akautazama mtaa. Mwanamke alikuwa akianika nguo. Dobi alikuwa akipakia matenga kwenye kipikapu chake chakavu. Pale kona liliegeshwa gari la mafundi bomba, lenye ngazi na mabomba juu, na wanaume wawili wenye ovaroli wamekaa ndani. Hakukuwa na shimo lililochimbwa, wala maji yaliyomwagika. Hilo alilitia akilini, akaingia.

Mkuu alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kupigwa picha asiyoitaka.

"Nimekuita kama fundi," alisema. "Upelelezi nitaufanya mwenyewe. Kuna mtu anauza anwani zetu, na mtu huyo ana simu. Wewe nitafutie hiyo simu."

"Dereva yuko wapi?"

"Mahabusu. Tangu nyumba ya pili."

"Na hii ni ya tatu."

Mkuu alikohoa. Dereva ndiye aliyemhamisha shahidi na mama yake kutoka nyumba ya kwanza kwenda ya pili, na kiberiti kilipoonekana kule, alikuwa wa kwanza kutiwa ndani. Lakini nyumba hii ya tatu ilichaguliwa na Mkuu peke yake, na Mkuu mwenyewe ndiye aliyeshika usukani. Dereva hakuijua hata kwa ndoto.

"Umemfungulia?"

"Nitamfungulia."

"Mfungulie leo, Mkuu. Mke wake asije akatuletea kiberiti cha kwake."

Mlango wa chumbani ukafunguka, akatoka shahidi. Wote walimwita Fundi, kwa kazi yake ya cherehani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, na vidole vyake vilikuwa vikikunja na kukunjua pindo la kanga kana kwamba anapima mshono. Alimtazama mgeni, akaelewa bila kuambiwa.

"Dada, usijisumbue," alisema. "Kesho siendi."

"Fundi, tulishaongea," Mkuu alianza.

"Mliongea nyinyi. Mlisema nyumba ya kwanza ni salama, kikaja kiberiti. Mkasema ya pili ni salama zaidi. Sasa hivi mnatafuta ya nne ambayo itakuwa salama kuliko zote. Mkinipeleka kwa nguvu, nitasimama kizimbani niseme sikuona kitu. Wenzangu wameshakufa, sitawafufua. Mama yangu bado yu hai."

"Ukisema hukuona, Bosi anarudi nyumbani kesho hiyohiyo."

"Na mimi narudi nyumbani na mama yangu."

Mama Waya alimwambia Koplo amfuate jikoni.

"Simu yako."

Koplo alimpa kisimu cha vitufe, cha aina inayoweza kuanguka kisimani na kuendelea kuita. "Ndiyo niliyobakiziwa. Baada ya nyumba ya pili Mkuu alikusanya simu zetu zote, hata ya Fundi. Hii ina namba ya Mkuu na ya kituo tu."

"Na jioni huwa unakwenda getini kuongea na nani?"

Masikio ya Koplo yalibadilika rangi. "Nani amesema?"

"Sufuria," alitania Mama Waya, aliyekuwa amebahatisha tu. "Nyumba ndogo hii, Koplo, kila kitu kinasema."

"Mchumba wangu, Afande. Lakini hiyo ilikuwa nyumba ya kwanza! Naye anadhani niko kozi ya upishi."

"Upishi?"

"Niliona akiuliza nimejifunza nini, angalau nitaweza kumpikia kitu."

Mama Waya alitaka kucheka, akajizuia. Alimbana kwa maswali mengine, ya haraka haraka, akirudia yaleyale kwa mlango mwingine. Nani alileta chakula? Koplo mwenyewe alikwenda sokoni. Nani alikuja? Hakuna. Daktari wa Bibi, mama yake Fundi? Alisimamishwa tangu nyumba ya kwanza, Bibi akawa anapimwa presha na Koplo. Fundi alitoka? Hata uani hakutoka. Simu hazikuwepo, dereva hakuwepo, mgeni hakuwepo. Hata hivyo kiberiti kilifika, tena kabla mashuka hayajazoea vitanda.

"Umesahau waifai," alisema.

Hapo Koplo alijinyoosha. Ilionekana wazi kuwa swali hilo alikuwa amelisubiri kwa hamu. "Waifai nimeifunga mimi, Afande. Nilihudhuria semina. Paswedi iliyokuja na kisanduku chake niliitoa siku ileile, nikaweka yangu, ndefu, hata mimi mwenyewe naisoma kwa kituo. Jina la mtandao nimelibadilisha, kisha nimelificha, ukitafuta kwenye simu huoni kitu. Kisanduku nimekisasisha. Na kifaa kinachoruhusiwa kuingia ni kimoja tu, kishikwambi cha Bibi, ambacho hakina laini, na nimekifungia kisipige wala kupokea chochote isipokuwa tamthilia. Mwizi akitaka kuingia humo, labda azaliwe upya."

"Nionyeshe."

Kisanduku kilikuwa juu ya kabati la vyombo, cheupe, chenye taa tatu za kijani, kimetandikiwa kitambaa cha kufuma kama redio ya zamani. Mama Waya alifungua kompyuta yake, akakikagua kila pembe. Kila alichosema Koplo kilikuwa kweli. Hakuna aliyejaribu paswedi, hakuna aliyebisha hodi. Ulikuwa mtandao uliofungwa vizuri kuliko wa ofisi ya Mkuu, na hilo lilimuudhi, kwa sababu sasa hakuwa na pa kushika.

"Kazi nzuri," alisema, bila furaha.

Kule sebuleni tamthilia ikaanza. Mwanamke mmoja alilia, mwanamume akaapa kuwa mtoto si wake, na sauti ya kikongwe ikamjibu: "Mwongo mkubwa wewe! Masikio yake hayo!"

Alikuwa Bibi, amejikunyata kwenye kochi na kishikwambi magotini. Mama Waya alimsogelea.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Keti, usizuie mwanga. Huyu mwanamume anaikana damu yake mchana kweupe."

"Jana mmehamia hapa, na tamthilia hukukosa?"

"Nikose kwa nini? Nimefika, nimekaa, nimewasha, inaendelea palepale."

"Hukuulizwa neno la siri?"

"Neno gani? Sijawahi kuulizwa neno. Si hapa, si kule kwingine. Huyu kijana mwema alikwisha kuniwekea mara moja, akaniambia Bibi, hutasumbuka tena."

Mama Waya aligeuka taratibu akamtazama Koplo. "Nyumba tatu. Kwa nini hakuulizwa?"

"Kwa sababu kisanduku ni kilekile, Afande. Tunakihamisha." Kisha, kwa kuwa macho ya Mama Waya hayakumtoka, akaongeza: "Bibi alikataa kuhama bila hicho. Kwanza niliona ni vizuri. Kwa nini niache kitu nilichokifunga vizuri, nikaanze na kingine nisichokijua?"

"Kilitoka idarani?"

"Hapana. Kilitoka nyumbani kwao."

Mama Waya alikiendea kisanduku, akakipindua. Chini yake palikuwa na kibandiko chenye namba ndefu iliyochanganyika na herufi. Alitoa simu yake, akaichezea kidogo, akatoka nje mpaka ng'ambo ya barabara, akasimama kama mtu anayetafuta mtandao, akarudi. Aliwaita Mkuu na Koplo jikoni akafunga mlango.

"Mkuu, hakuna aliyeuza nyumba. Mmeibeba wenyewe."

"Sema kwa lugha ya watu."

"Kisanduku hiki kinapiga kelele usiku na mchana. Niko hapa, niko hapa, niko hapa. Ndivyo vilivyotengenezwa, visipopiga kelele simu zitavijuaje? Koplo amekibadilisha jina, kisha amelificha. Sawa. Sasa kinapiga kelele bila kujitaja. Lakini sauti ni ileile. Namba hii ya chini kimezaliwa nayo, na hata ukikificha jina inatoka hewani vilevile. Nimeisikia sasa hivi kutoka ng'ambo ya barabara."

"Lakini paswedi," Koplo alisema kwa sauti ndogo.

"Paswedi inamzuia anayetaka kuingia. Huyu hakutaka kuingia, alitaka kujua mlango uko wapi. Anayeijua namba hii anaiweka kwenye simu, anatia simu mfukoni, anaendelea na shughuli zake mitaani. Siku akipita nyumba yenu, simu inamtekenya."

Koplo aliegemea sinki. Kijana alikuwa amefanya kila alichofundishwa, akakibeba kitu hicho mikononi mwake kutoka nyumba hadi nyumba, akakitandikia na kitambaa. Machozi yalimlengalenga na hakuyaficha.

"Mashine haina mdomo," Mkuu alisema, lakini hakuwa na uhakika tena.

"Hii inao, na haiufungi. Tuone."

Alirudi kwa Bibi kwa swali moja la mwisho, akaliuliza kama anayesifia pambo. "Kisanduku kizuri, Bibi. Nani alikununulia?"

"Kitinda mimba wangu." Uso wa kikongwe ulilainika. "Nimezaa wa kiume mmoja tu. Alinifungia mwenyewe, boksi akalichukua ili kikiharibika akadai kingine dukani. Si kama dada yake, yeye zawadi zake ni dawa za presha."

Mama Waya alitabasamu. Boksi lilikuwa na namba ileile ya kibandiko. Muuza duka aliijua, na jirani yeyote wa zamani mwenye simu na wasiwasi angeweza kuinasa. Kumshuku mtoto mbele ya mama yake kwa sababu amemnunulia zawadi kulimchukiza. Aliamua kukiachia kisanduku chenyewe kimtaje mtu wake.

Mpango aliutoa kwa maneno machache. Mkuu achukue gari la idara lenye mapazia, alitoe kwa geti la mbele kwa kishindo, azunguke nalo mji, kisha arudi kituoni.

"Niendeshe gari tupu, mimi?"

"Ukiwa na uso wa mtu aliyebeba kitu. Kama kuna anayetuwinda kwa macho, atakufuata wewe. Kama anatuwinda kwa masikio, atafuata kisanduku."

"Na kisanduku kitakwenda wapi?"

"Hilo sikuambii. Simwambii mtu. Atakayekuja huko atakuwa ameambiwa na kisanduku."

Mkuu alifungua kinywa, akakifunga, akachukua funguo. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile Mama Waya alimpenda.

Gari la mapazia lilitoka kwa mbele, honi juu. Muda mfupi baadaye, kwa mlango wa nyuma, dobi wa mtaa alipakia tenga moja la ziada na abiria mmoja, Mama Waya. Ndani ya tenga, chini ya mashuka, kisanduku kilikuwa kimeunganishwa na betri, kikiendelea na kelele zake.

"Mama, mashuka yako yanawaka taa," dobi alisema.

"Ni mashuka ya kisasa. Endesha polepole."

Alimwelekeza njia ndefu, ya kupinda pinda, ili kisanduku kisikike mitaa mingi, mpaka kwenye nyumba kuukuu iliyokuwa stoo ya polisi zamani. Ukuta wake wa nyuma ulipakana na ua wa kituo, ila geti lake lilitazama mtaa mwingine kabisa, na hapakuwa na kibao. Watu wa mtaa ule walidhani ni nyumba ya mirathi yenye kesi. Aliingia, akakiweka kisanduku dirishani, akasimama nyuma ya nguzo ya geti, pingu mkononi.

Kusubiri ndiko kulikomchosha. Mpira wa watoto uligonga ukuta, ukaitwa, ukaenda. Muuza ndizi alipita akinadi. Jasho lilimtiririka mgongoni na hakuthubutu kujifuta. Alianza kufikiri kuwa Mkuu atamcheka mpaka atakapostaafu.

Pikipiki ikapita. Ikafika mbali, ikapunguza mwendo, ikageuka. Ikapita tena, safari hii polepole, na injini ikazimwa nje ya geti. Viatu vilikanyaga kokoto. Kisha juu ya nguzo, karibu kabisa na kichwa chake, ukatokea mkono mrefu wenye kiberiti kati ya vidole viwili.

Mama Waya aliudaka, akaubana pingu, upande wa pili akaufunga kwenye nondo ya geti. Mwenye mkono hakupigana. Alitoa sauti kama ya mtu aliyemwagikiwa maji baridi.

"Mimi polisi. Wewe nani?"

"Mama yuko ndani?" sauti ilisema kutoka upande wa pili. "Naomba nimwone tu. Sitaongea."

Alifungua geti, akamtazama kijana mrefu mwenye macho ya Fundi, amevaa koti la kiwanda, pikipiki yake imefungwa mizigo ya sare nyuma.

"Wewe ndiye kitinda mimba."

Kijana aliinamisha kichwa.

"Unafanya kazi kwa Bosi? Baada ya moto ule?"

"Ninasambaza sare. Hakuna mtaa nisioupita. Bosi aliniita, akaniambia, 'Dada yako anataka kuniua, mimi sitaki kumuua. Mwambie anyamaze, basi. Mtafute wewe, wewe ndiye damu yake.' Sikujua nitampataje. Akanipeleka kwa mtu wake wa kompyuta, wakaniuliza mama alikuwa anatumia nini nyumbani. Nikakumbuka boksi."

"Na viberiti?"

"Mimi. Vitupu, dada, uangalie mwenyewe! Nilitaka aogope. Akiogopa atanyamaza, akinyamaza ataishi. Anwani sikumpa mtu. Bosi ameniuliza, nikamwambia bado natafuta. Namlinda dada yangu mimi, mnanifunga pingu?"

Alisema kwa uchungu wa kweli, na Mama Waya aliamini kila neno. Ndiyo sababu aliogopa.

"Programu iliyo kwenye simu yako alikuwekea nani?"

"Huyo mtu wa kompyuta."

"Nipe." Simu ilikuwa ya moto kama imetoka juani. Mama Waya alipekua, kidole kikikimbia. Programu ilikuwa na ramani, na kwenye ramani nukta nne, nyumba tatu na hii. Chini ya ramani ilikuwa ikituma kitu, ikanyamaza, ikatuma tena. "Inakuonyesha wewe mama yuko wapi. Sasa wewe inakuonyesha kwa nani?"

"Sielewi."

"Hukuhitaji kumpa mtu anwani. Kila simu yako ilipokisikia kisanduku, Bosi naye aliona. Nyumba ya kwanza aliijua. Ya pili aliijua. Alikuachia uendelee na viberiti vyako kwa kuwa dada yako akinyamaza kwa woga ni bora kuliko maiti yenye maswali. Lakini kesi ni kesho."

Kijana aligeuka kuitazama barabara aliyojia.

Mama Waya alikwisha kumpigia Koplo. "Wale mafundi bomba wa kona bado wapo?"

"Hapana, Afande. Waliondoka. Nyuma ya dobi kidogo tu."

"Fundi na Bibi?"

"Wako hapa. Bibi amenuna, tamthilia imekatika."

"Watoe kwa nyuma, sasa hivi, ingieni kwa yule mwanamke anayeanika nguo. Usikate simu." Akachukua simu ya pili. "Mkuu, uko wapi?"

"Kituoni. Nimemaliza kutembeza gari lako tupu kama bwana harusi."

"Ruka ukuta."

"Ukuta upi?"

"Wa nyuma. Njoo na watu, na njoo kimya."

"Zima hicho kisanduku!" kijana alipiga kelele ya chini kwa chini, akivuta pingu. "Kizime, wasituone!"

"Nao wanaifuata sauti yake. Nikikizima watarudi kule walikoanzia," alisema Mama Waya. "Acha kipige kelele."

Alimfungua kwenye nondo, akamburuta ndani, akafunga geti bila komeo. Walichuchumaa chini ya dirisha, taa tatu za kijani juu ya vichwa vyao. Gari lilisikika kabla halijaonekana, mabomba yake yakigongana juu. Lilipita pikipiki, likasimama. Milango miwili ilifunguliwa taratibu, haikufungwa. Kwenye ufa wa geti alimwona mmoja wa wale wenye ovaroli akitazama simu, kisha dirisha. Wa pili alishusha kitu kutoka nyuma ya gari, akakibeba kwa mikono miwili, kizito, cha njano. Harufu ya petroli ilimfikia Mama Waya kabla mtu mwenyewe.

Kijana aliuma koti lake asipige kelele.

Waliingia wakitembea kwa vidole, kama watu waliofika nyumba yenye mgonjwa. Yule wa mbele aliushika mkono wa mlango wa chumba, akautingisha, akatoa mfukoni kufuli jipya. Hakuwahi kulifunga. Mkuu alitokea upande wa jiko, suruali imechanika goti, na nyuma yake askari watatu, mmoja wao dereva aliyefunguliwa saa hiyohiyo na mwenye hasira zake. Ilikwisha kwa mkorogo mfupi wa miguu na matusi. Dumu lilianguka, likapinduka, na petroli ikatambaa sakafuni hadi kwenye viatu vya Mama Waya.

Alimpekua yule wa pili. Kwenye ovaroli kulikuwa na kiberiti, aina ileile. Alikitikisa karibu na sikio. Kililia. Kilikuwa kimejaa.

Alikitikisa tena mbele ya kitinda mimba, mara moja tu, na kijana akageukia ukutani.

"Afande?" Koplo alikuwa bado kwenye simu. "Afande, Fundi anataka kuongea."

"Mpe."

"Dada, umempata?" Sauti ya Fundi ilikuwa kavu. "Ni nani?"

Mama Waya alimwambia. Alimwambia yote, kuhusu boksi na koti la kiwanda na programu, na kuhusu wanaume wawili, dumu na kufuli, kwa kuwa mwanamke yule alikuwa amefichwa vya kutosha. Kwenye simu zilisikika nguo zikipigwa na upepo kwenye kamba.

"Vya mdogo wangu vilikuwa vitupu?"

"Vyote vitatu. Na cha nne alichoshika leo."

"Na cha wale?"

"Kimejaa."

"Asubuhi nilisema siendi mahakamani," Fundi alisema polepole, akipima kila neno. "Nao wamekuja hivyohivyo na kufuli. Basi mwambie Mkuu aje kunichukua mapema kesho. Nitalitaja hilo kufuli, na mkono uliolishika." Akashusha sauti. "Mama asijue habari za huyo mpaka nitoke kizimbani. Tafadhali, dada. Ana presha."

"Hatajua kutoka kwangu."

Simu ilinyakuliwa. "Mwanangu!" Sauti ya Bibi ilijaa chumba kizima, maana Mama Waya alikuwa ameiweka kwa spika ili mikono imbakie huru. "Huku wametuingiza kwenye nyumba ya watu, hakuna hata televisheni. Kisanduku changu umekipeleka wapi?"

"Kiko hapa, Bibi. Kimetusaidia kazi."

"Nilijua! Kitu alichonunua mwanangu hakiwezi kuwa cha bure. Ukimaliza nirudishie. Na huyo mtoto wangu, mkimaliza mambo yenu ya kunyimana simu, mniitie nimshukuru. Hata yeye atakuwa ananitafuta."

Chini ya dirisha, kitinda mimba alijiziba mdomo kwa mkono wenye pingu.

"Nitamwambia, Bibi," alisema Mama Waya, akakata simu. Alichomoa betri, na zile taa tatu zikazimika. Kisha akakitia kisanduku kwenye mfuko wa vielelezo, akaubandika namba, akamwambia Mkuu amtoe kijana kwa mlango wa nyuma, asipitishwe karibu na ile petroli.